Kutoka Bagamoyo hadi Mwenge kwa mguu uliowahi kuganda damu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Bagamoyo. Januari mwaka huu nilijifungua kwa upasuaji. Siku ya tisa mguu wa kushoto ukaanza kuuma na kuvimba. Nyumbani wakasema ni mambo ya uzazi, na mama mkwe akawa ananikanda maji ya moto na kunichua kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Siku ya nne ya kuchuliwa pumzi ilinikata ghafla, nikaanguka mlangoni. Hospitali wakasema damu iliganda mguuni na kipande kikapanda mpaka kwenye mapafu. Nililazwa siku 11, na hadi leo nameza warfarin. Nasikia mwezi wa kumi kuna siku ya dunia ya ugonjwa huu. Nimeweka nia ya kutembea kwa miguu kutoka hapa hadi Mwenge, Dar es Salaam, kilomita sitini na kitu, ili wanawake wenzangu wajue. Mume wangu anaogopa. Je, ni salama? Na watu nitawaambia nini, wakati mimi mwenyewe siwezi kuueleza ugonjwa wenyewe? La mwisho: mama mkwe tangu siku ile hanitazami usoni. Nimshirikishe au nimwache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokukuta, na ahsante kwa nia uliyoiweka. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu wengi wanaopatwa na yaliyokupata wewe hawapati nafasi ya kuandika barua.

Nianze na mume wako, maana hofu yake ina mantiki. Anafikiri hivi: kama kipande kilikatika mguuni kikapanda kifuani, basi mguu ukitembezwa sana kitakatika kingine. Na sisi madaktari tulifikiri hivyohivyo kwa miaka mingi. Nilipokuwa mwanafunzi, mgonjwa wa aina yako alilazwa kitandani siku nyingi, mguu umeinuliwa juu ya mito, na akitaka hata kwenda msalani anakatazwa. Baadaye watafiti walilinganisha wagonjwa waliolazwa na wale walioruhusiwa kutembea mapema huku wakiwa kwenye dawa. Wanaotembea hawakupata madhara zaidi kifuani, na maumivu na uvimbe wao vilipungua haraka zaidi. Siku hizi, dawa zikishaanza kufanya kazi na mgonjwa akiwa hana shida nyingine, tunamwamsha atembee.

Sababu iko kwenye kigimbi chako. Damu ikishuka mguuni inasukumwa na moyo, lakini kupanda kurudi juu inahitaji msaada. Mishipa ya ndani inayoirudisha, ile tunayoiita vena, imepita katikati ya misuli ya shavu la mguu, na ndani yake ina vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Kila unapokanyaga, misuli inaminya, damu inapanda, vilango vinafunga nyuma yake isirudi. Kuna wanaokiita kigimbi moyo wa pili, na mimi sioni jina bora zaidi. Mtu akikaa au akilala saa nyingi, moyo huo wa pili unasimama, na damu inatuama kama maji ya mtaro uliozibwa.

Kwa hiyo mwambie baba watoto kwamba kutembea hakumwiti adui yule. Unaweza kutembea. Lakini usitembee kilomita sitini kwa siku moja, na usianze kabla ya kurudi kliniki na kumaliza mambo mawili.

La kwanza ni pumzi yako. Wengi walioganda damu kwenye mapafu hurudi katika hali yao ndani ya miezi michache. Wachache hubaki na makovu kwenye mishipa ya mapafu, na upande wa kulia wa moyo unalemewa bila wao kujua. Jiulize: ukipanda ngazi za ghorofa moja au ukibeba ndoo ya maji, unahema kuliko ulivyokuwa kabla ya ujauzito? Unasikia kizunguzungu? Miguu yote miwili inajaa jioni? Kama ndiyo, omba kipimo cha moyo cha eko kabla ya kufanya zoezi lolote la kuhesabu kilomita. Hili halina mjadala.

La pili ni dawa. Wagonjwa wengi huita warfarin "dawa ya kuyeyusha damu". Haiyeyushi kitu. Inazuia donge lisikue na lisizaliwe lingine, huku mwili wenyewe ukilimeng'enya lile la zamani taratibu. Ndiyo maana mtu anayeacha dawa kwa kuwa "anajisikia mzima" anajiweka pabaya. Kwa donge lililotokana na uzazi, dawa hutumika angalau miezi 3, na mara nyingi 6. Wewe umefika hapo. Muulize daktari wako moja kwa moja: naendelea au naacha, na kwa nini? Jibu hilo ulipate mapema, usisubiri wiki ya matembezi. Kama utakuwa bado unameza, kipimo cha INR, kinachoonyesha dawa inachelewesha damu kuganda kwa kiasi gani, kifanyike ndani ya wiki mbili kabla ya kuanza, na kwa mtu kama wewe namba tunayoitaka iwe kati ya 2 na 3. Kama unanyonyesha bado, usiwe na wasiwasi: warfarin haimdhuru mtoto kupitia maziwa. Ila usishike mimba nyingine ukiwa juu yake, kwa sababu huko inadhuru. Na vidonge vya majira vya kawaida, vile vyenye homoni ya estrojeni, kwako wewe vimefungwa. Zungumza na muuguzi kuhusu kitanzi au kijiti.

Hapo kwenye dawa kuna kosa moja linaloniumiza roho, na kwa matembezi yako lazima nilitaje. Mtu akitembea siku mbili misuli inauma. Anaingia duka la dawa, anapewa diklofenaki, au anachomwa sindano ya maumivu kwenye tako. Ukiwa kwenye warfarin, diklofenaki na ndugu zake, pamoja na aspirini, vinaweza kukusababishia kutoka damu tumboni, na sindano ya kwenye msuli inaweza kuacha uvimbe wa damu mkubwa kama embe. Tumia parasetamoli, kwa kipimo cha kawaida, na mapumziko. Dawa za mitishamba za "kusafisha damu nzito" watakazokuletea njiani kwa mapenzi mema, zipokee kwa heshima, usinywe. Damu nzito ya mitaani na ugonjwa wako ni vitu viwili tofauti. Mchicha, kisamvu na matembele endelea kula kama ulivyozoea. Tatizo ni kuacha ghafla au kuzidisha ghafla, maana majani hayo yana vitamini K ambayo inavutana na dawa. Na kama ukianguka ukagonga kichwa, hata kama huoni jeraha, unakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mazoezi. Ukianza wiki hii unazo wiki 12. Siku nne za wiki tembea dakika 30, polepole ufike 45. Siku moja ya wiki iwe ndefu: anza na dakika 40, na kila wiki ongeza 10. Wiki ya 12 utakuwa kwenye dakika 150, yaani saa mbili na nusu, na hizo kwa mwendo wa kawaida ni kama kilomita 10. Mwezi wa mwisho, weka siku ndefu mbili zifuatane, mguu uzoee kuamka kesho yake na kuondoka tena. Mwendo wako upime kwa mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukibaki unasema neno mojamoja, punguza. Mguu wa kushoto ukijaa jioni na kupungua usiku ukiuinua, huo ni uvimbe wa vilango vilivyochoka, wengi hubaki nao baada ya donge, na soksi maalumu za kubana huwasaidia baadhi yao. Lakini ukivimba na asubuhi haujapungua, au unauma upya, simamisha mazoezi uende ukapimwe.

Kilomita 10 kwa siku maana yake siku 6. Hapo ndipo ninapotaka ubadilishe mpango wako. Anza tarehe 9 Oktoba, malizia tarehe 14. Siku ya dunia yenyewe, Siku ya Thrombosi Duniani, ni tarehe 13, na thrombosi ni hilo donge linaloziba mshipa likiwa ndani ya mwili wa mtu hai. Imeadhimishwa tangu 2014, na tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo alipozaliwa Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, mwaka 1821. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba madonge yanayokutwa kwenye mapafu huwa yametoka kwingine, kwenye vena, yakasafiri na damu. Kesho yake, tarehe 14, ni Siku ya Nyerere, watu hawaendi kazini, na Mwenge utawapata. Mwalimu mwenyewe mwaka huohuo wa Azimio la Arusha, Oktoba 1967, alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono. Nchi hii inaelewa lugha ya matembezi. Hutahitaji kumweleza mtu kwa nini unatembea. Utahitaji kumweleza kwa nini mguu.

Na usitembee peke yako. Tafuta vikundi vya jogging kwenye barabara hiyo, kuanzia Bagamoyo kwenyewe, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, Boko, Tegeta mpaka Mwenge. Kila siku kikundi cha eneo husika kitembee na wewe kilomita zake, kisha kikukabidhi kwa kinachofuata. Taarifa ipelekwe polisi mapema, na kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa kuwa hapo utavuka kutoka mkoa wa Pwani kuingia Dar es Salaam na utakuwa na ofisi za pande mbili. Tembeeni upande wa kulia, magari yanayokuja muyaone usoni. Ondokeni saa 12 asubuhi, saa 3 muwe kivulini. Oktoba jua la pwani limeshaanza kuuma, na mvua za vuli zinaweza kuanza wakati wowote. Kunywa maji njiani bila kusubiri kiu. Mkimaliza, usijitupe kwenye daladala ukakaa saa nzima miguu imekunjwa, kwa sababu hapo utakuwa umefanya kile unachowakataza wengine. Zungukazunguka kwanza dakika chache. Mfukoni uwe na karatasi yenye jina lako, ugonjwa wako, dawa unayotumia na namba ya mume wako.

Hayo ndiyo ya mwili. Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu.

Nimehudhuria matembezi ya hisani mengi. Fulana nzuri, muziki, maji ya chupa, mgeni rasmi anazungumza, watu wanapiga picha. Jioni ukimuuliza mtu aliyetembea kilomita tano ugonjwa huo una dalili gani, anakuambia "ni ugonjwa hatari". Hajabeba kitu cha kumsaidia usiku wa manane dada yake atakapolalamika. Sitaki wewe utembee siku sita ukaacha fulana tu. Acha dalili moja, moja tu, iliyokaa vizuri kichwani mwa mtu, na kitendo kimoja.

Dalili yenyewe ni mguu mmoja. Mguu mmoja umevimba ndani ya siku chache, unauma kwenye kigimbi au paja, una joto kuliko mwenzake. Na kitendo ni hiki: usiuchue, upeleke hospitali leo. Maneno hayo yanatosha kuandikwa mgongoni mwa fulana. Ungekuwa na fedha ningekuambia uyaandike kwenye kanga, kwa sababu kanga ndiyo inayoingia chumba cha mzazi.

Ili dalili hiyo isibaki maneno, tembea na futi ya fundi cherehani, ile ya utepe wa njano tunayoijua wote. Kila mtakaposimama, mkalishe mtu mmoja kwenye kiti mbele ya watu, miguu ining'inie. Tafuta kile kifupa kilichochomoza mbele, chini kidogo ya goti. Shuka sentimita 10 kutoka hapo, weka alama ya kalamu, zungushia futi bila kuvuta, soma namba kwa sauti. Fanya hivyohivyo mguu wa pili. Kwa watu wengi miguu itapishana kidogo sana. Ikipishana zaidi ya sentimita 3, na jambo lenyewe limeanza juzijuzi, hicho ni kimojawapo cha vigezo ambavyo sisi madaktari hutumia kuamua nani apimwe haraka. Mwanamke akishaona kitendo hicho mara moja atakirudia nyumbani bila kukufikiria wewe wala mimi. Ila waonye: futi ikisema miguu iko sawa na mtu bado ana maumivu mapya ya kigimbi baada ya kujifungua au kupasuliwa, aende tu. Na futi hiyohiyo ndiyo mtakayokabidhiana, kikundi kwa kikundi, kutoka kwako hadi Mwenge.

Utakutana na maswali, na nakuandaa kwa yale ninayoyajua. La kwanza litakuwa matende. Ukanda wetu wa pwani umeishi na matende na mabusha vizazi na vizazi, kwa hiyo mguu ukivimba jirani ana jibu tayari. Waambie matende hukua polepole, miezi na miaka, na ngozi huwa nene na ngumu. Donge la damu halina subira hiyo. Jumatatu mguu mzima, Alhamisi suruali haipiti. La pili litakuwa uchawi, kwamba kakanyaga kitu kibaya. Hapo usibishane wala usicheke, kwa kuwa mtu anayeogopa akichekwa huondoka. Sema tu: hata kama unaamini hivyo, pita hospitali kwanza wakupime, kwingine utakwenda baadaye. Miguu yote miwili ikiwa imevimba sawasawa, mara nyingi tunatafuta sababu nyingine, moyo, figo, au presha ya mjamzito, na hiyo nayo inahitaji hospitali. Tena kuna jambo la ngozi. Maelezo mengi yanasema mguu huo huwa mwekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani, au unaonekana kama weusi uliozidi na kung'aa. Wafundishe waguse kwa mgongo wa kiganja, mguu mmoja kisha mwingine, walinganishe joto.

Wakiuliza hospitali watafanywa nini, wasiogope kisu. Mashine inayotumika ni ileile ya utrasaundi waliyoiona wakiwa wajawazito. Mpimaji anaiweka kwenye paja na nyuma ya goti, anaubana mshipa taratibu. Mshipa mzima unalala bapa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Wenye donge haulali. Hilo hata mtu asiyesoma anaweza kuliona kwenye kioo.

Halafu kuna dalili za kifua, na hizi hazisubiri futi wala asubuhi: pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kuzimia. Huko kwetu zinaitwa nimonia, pumu, kifua kikuu, malaria, hata mapepo. Mgonjwa na wanaomsindikiza wataje wenyewe: "amejifungua wiki mbili zilizopita", "amepasuliwa", "mguu ulikuwa umevimba". Sentensi hiyo moja inabadilisha mawazo ya daktari aliyechoka usiku. Serena Williams, mcheza tenisi ambaye mwaka 2011 alikuwa tayari ameganda damu kwenye mapafu, alijifungua binti yake kwa upasuaji Septemba 2017 na kesho yake akahisi pumzi inakata. Alimwambia muuguzi anataka kipimo cha picha cha CT na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwanzoni walidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Akasisitiza, wakampima, madonge yakaonekana. Yule ana fedha na jina, na bado ilibidi asisitize. Sembuse mama wa Kerege.

Mimi mwenyewe nina mgonjwa ninayembeba hadi leo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana, alikuja mwanamume wa makamo aliyetoka Mwanza kwa basi kuja kumzika ndugu yake Dar es Salaam. Safari nzima alikaa dirishani, hakutaka kuwasumbua wenzake kwa kushuka. Alilalamika kigimbi kinauma. Nilimpa dawa ya maumivu nikamwambia ni kubanwa kwa misuli. Alipokuwa anatoka nikaona kamba za kiatu chake cha kushoto hazikufungwa, na kiatu cha kulia kimefungwa vizuri. Niliona, mwanangu, na sikuuliza. Kilikuwa hakifungiki kwa uvimbe. Siku ya tatu waliniita kunionyesha maiti. Tangu hapo kila mgonjwa wa mguu namvua viatu vyote viwili mwenyewe.

Kwa hiyo matembezi yako yasiwe ya akina mama waliojifungua tu, ingawa wao wawe mbele. Ujauzito huongeza uwezekano wa damu kuganda mara 4 hadi 5, na wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ni mbaya zaidi ya ujauzito wenyewe, hasa kwa aliyepasuliwa. Wewe ulikuwa na sababu zote tatu ambazo hadi leo tunaziita kwa jina la Virchow: damu iliyoandaliwa na maumbile igande upesi ili mzazi asivuje, mishipa iliyoguswa na upasuaji, na kulala ndani. Hata kwamba ulikuwa wa kushoto si bahati mbaya. Tumboni, mshipa unaopeleka damu mguu wa kulia hupita juu ya ule unaorudisha damu kutoka mguu wa kushoto, na tumbo la mimba huukandamiza zaidi. Lakini sehemu kubwa ya visa duniani ni watu waliolazwa hospitalini kwa ugonjwa wowote, au waliotoka ndani ya siku 90: waliovunjika nyonga, wenye saratani, waliopasuliwa. Wafundishe wote swali moja la kumuuliza daktari kabla ya upasuaji: mmepima hatari yangu ya damu kuganda? Na wasafiri nao. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari takriban mara mbili, iwe ndege, treni, gari au basi. Kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo. Kwa mzazi wa wiki tatu anayepelekwa kwao Kigoma kwa basi, si ndogo tena. Basi likisimama, ashuke.

Kuhusu arobaini sina ugomvi nayo. Mzazi kupumzishwa, kupikiwa uji wa pilipili manga, kusaidiwa mtoto, ni huduma ambayo nchi nyingine wanawake wanaililia. Ninachoomba ni kwamba kupumzika kusiwe kulala. Azunguke uani, aende bafuni mwenyewe, achezeshe nyayo akiwa kitandani, anywe maji. Ukipata nafasi ya dakika tano na wakunga wa jadi na wakandaji wa kila kituo, hao ni bora kuliko mgeni rasmi yeyote. Wao ndio wanaouona mguu kabla yangu. Tarehe 13, kama itaangukia siku ya kazi, panga usimame kwenye kliniki ya mama na mtoto iliyo njiani, akina mama wakiwa wanasubiri kupimiwa watoto uzito.

Na hapo nafika kwa mama mkwe wako.

Alichokifanya ni alichofanyiwa yeye, na alichokuwa amewafanyia wengi wakapona, kwa sababu wazazi wengi wanaoumwa miguu hawana donge. Mguu uliovimba ghafla hatuuchui, na nitalisema hilo popote. Lakini hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba ni mikono yake iliyokipandisha kile kipande. Madonge hupanda hata kwa mtu aliyelala peke yake hajaguswa. Mwambie nimesema hivyo mimi, kwa umri wangu na kwa miaka niliyofanya kazi hii, na umsomee mstari huu kama hasomi. Anayekwepa macho yako kwa miezi sita ameshajihukumu vya kutosha.

Mshirikishe. Tena nakuomba yeye ndiye awe wa kwanza kushika futi pale Bagamoyo. Mimi nikisimama mbele ya wakandaji nikawaambia msichue, watanisikiliza kwa adabu, wakirudi nyumbani wataendelea. Mkandaji mwenzao akisema "mimi nilichua, na hiki ndicho kilichotokea", hiyo wataibeba. Ila usimwombe kwa maneno hayo leo, na usianze kwa kikao cha familia cha kuombana radhi. Yeye na wewe hamjaugusa mguu ule pamoja tangu Januari.

Kuna kazi ya kweli ya kumpa. Mguu wako wa kushoto huenda ukabaki mnene kuliko wa kulia kwa muda mrefu, kwa hiyo kabla ya mazoezi unahitaji namba zako za kuanzia, ili siku ukivimba tujue umevimba kutoka wapi. Nunua futi. Asubuhi moja mtoto akiwa amelala, kaa kwenye kiti, mletee na kalamu, mwambie: "Mama, naomba unipime miguu." Mwonyeshe kifupa cha chini ya goti, mwonyeshe sentimita 10. Aanze na wa kulia. Akishamaliza wa kushoto na namba zote mbili ziko kwenye daftari, vaa viatu mkatembee hizo dakika 30 za kwanza.